Kibodi Iliyoona Njaa

Siku mzee Mbarushimana alipotupa kibodi ya kumi na moja barabarani, Christophe-Aimé alikuwa ng'ambo akinywa chai ambayo mtu mwingine angeilipia. Kibodi ilipita juu ya pikipiki, ikaanguka mbele ya kibanda cha chai, vitufe vikatawanyika kama bisi. Watu wakacheka. Christophe-Aimé hakucheka. Aliviokota vitufe kimoja kimoja, akavipangusa kwa leso, akavuka barabara kuvirudisha kwa heshima zote.

Tumtambulishe mapema, kabla hajajitambulisha mwenyewe na kutuharibia. Huyu ni Christophe-Aimé Mushagalusa, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuingia Rwanda kila asubuhi na begi la vifaa vya umeme. Alikwisha kuuza chaja zilizochaji mpaka mnunuzi afike nyumbani, na redio zilizokamata kituo kimoja tu, nacho cha nchi nyingine. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ambazo hakuwa amekula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kuwa mwema, na hiyo ni tofauti ambayo polisi hawaielewi.

Alikuwa na mwenzake wa kazi, Larissa, binti wa Nyakabuye, mwenye vidole vyepesi na subira iliyokuwa imefika ukingoni. Kwa miaka miwili Christophe-Aimé alimwahidi kwamba baada ya mpango mmoja tu atakwenda kwa wazazi wake na mahari. Mipango ilikwisha kuwa tisa. Wiki ile Larissa alikuwa amemwambia bila kupandisha sauti kwamba huu wa kumi ndio wa mwisho: ama waende Nyakabuye pamoja, ama aende peke yake. Christophe-Aimé aliogopa kweli. Alimpenda yule msichana, na ninalisema hili nikiwa nimemchunguza vya kutosha.

"Papa," alimwambia Mbarushimana akimkabidhi vitufe vyake, "hii klavie haina kosa. Kosa ni ya bale benye bakuuzishia."

"Na weye ni nani?"

"Mie ni teknisie wa kupatanisha."

Mbarushimana alikuwa mzee mnene mwenye kabare, baa iliyo kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Kamembe. Alikulia Bukavu, na utotoni alikuwa akisimama nje ya dirisha la mhandisi mmoja Mzungu, akimtazama anavyocheza michezo kwenye kompyuta nene yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Hakuna siku aliyoruhusiwa kuingia. Sasa uzeeni alikuwa amenunua kompyuta ya sura ileile, akaiweka katika chumba cha nyuma cha kabare pamoja na televisheni kubwa na makochi manne, akabandika tangazo: MICHEZO YA ZAMANI, KIINGILIO FARANGA ELFU, BILA WAYA. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponza.

"Kumi na moja nimenunua," alilalamika. "Ya kwanza, mashini haikuiona. Ya pili iliiona ikaikatala. Ya tano ilikubali, nikashangilia, nikalipia bantu bia. Asubui mashini ikaisahau."

"Na klavie ya waya? Ya waya inakubali?"

"Ya waya inakubali siku yote," Mbarushimana alisema kwa dharau. "Lakini waya ni mambo ya zamani."

Christophe-Aimé alikitazama kile chumba kilichojengwa kwa ajili ya mambo ya zamani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Papa, klavie na mashini ni sawa damu. Ukipewa damu ya group ingine, unakufa. Uliisha kupima group ya mashini yako?"

Mbarushimana hakuwa amepima. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyeulizwa kanisani mstari asioujua.

Upimaji ulifanyika alasiri ileile. Christophe-Aimé alitoa kwenye begi kipimajoto cha mtoto, akakibandika ubavuni mwa kompyuta, akaomba soda ya baridi. Mzee alipokwenda kuileta, fundi wetu alifanya kazi yake ya kweli. Begini alikuwa na kibodi moja ya bluetooth ya kizamani, aliyoiokota kwenye mabaki ya ofisi ya wafadhili waliohama, na alijua kwa uzoefu kwamba ni hiyo tu, pande zote mbili za mpaka, inayoelewana na mashine za namna ile. Shida ilikuwa moja: ili mashine iitambue kibodi mpya, ilidai kwanza uiandikie namba ya siri, na ya kuandikia ni kibodi, ambayo bado haijaitambua. Ni kama ile ofisi inayokutaka uje na kitambulisho ndipo ikupe kitambulisho. Wengi kabla yake walikwama papo hapo. Yeye alichomeka kibodi ya waya, akaandika namba ya siri, akachomoa. Mzee aliporudi na soda alimkuta amekaa ameinama, akisikiliza mashine kwa sikio.

"Ni group ya shida," Christophe-Aimé alisema. "Lakini iko muntu moja Bukavu."

Msomaji atauliza kwa nini hakumuuzia mzee kibodi hiyo nzima, wakaachana kwa amani. Swali hilo ni la mtu mwaminifu, na Christophe-Aimé hangelielewa. Kibodi nzima angeiuza mara moja. Maganda ya kibodi, matupu ndani, alikuwa nayo sita, yameng'arishwa kwa dawa ya meno. Nyuma ya chumba cha michezo palikuwa na stoo ya kreti za chupa tupu, na kati ya chumba na stoo ukuta wa mbao wenye tundu la ukubwa wa sarafu. Larissa angekaa stoo na kibodi ya kweli mapajani, jicho tunduni, akibonyeza kila ambacho Christophe-Aimé anajifanya kubonyeza upande wa pili. Bluetooth haijui ukuta. Ganda lingejaribiwa, lingefanya kazi, lingelipiwa. Nusu saa, maganda sita, laki tatu, na Jumapili wako Nyakabuye na mahari.

Mpango ulikuwa safi. Uchafu uliingia kwenye kuchagua siku.

Christophe-Aimé alichagua Jumamosi saa tano, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba Jumamosi fulani za asubuhi Kamembe huwa kimya na maduka yamefungwa. Mtu wa Bukavu huyo, anayelala ng'ambo, hakuwahi kujiuliza wenyeji huwa wapi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wenyeji walikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakifyeka na kuzibua mitaro ya mtaa mzima. Umuganda huisha saa tano. Na umuganda ukiisha, watu wenye kiu huenda kwa Mbarushimana.

Alikuwa ameweka ganda la kwanza mezani, na Larissa amekwisha kupenyezwa stoo kwa mlango wa nyuma, walipoingia watu kumi na wawili wenye majembe na mapanga.

"Ni kitu gani hii?" Christophe-Aimé aliuliza.

"Ni bashahidi," Mbarushimana alisema kwa furaha. "Mie sinunuake kitu ya bei bila shahidi. Huku kwetu tunanunua, bantu banaona, tunakunywa bia ya bashahidi, inaisha. Ukae, mutoto yangu."

Hapo mpango wa nusu saa ukageuka kuwa sherehe. Bia zilifunguliwa. Brosheti za mbuzi, mishikaki ya huko, zilianza kugeuzwa kwenye makaa, na moshi wake, ambao haukujua ukuta kama vile bluetooth isivyoujua, ukaingia stoo. Seremala mmoja aitwaye Hakimu alitaka kujaribu. Jirani yake alitaka kujaribu baada ya Hakimu. Kila shahidi alikaa kwenye kochi, akaweka ganda mapajani, akapiga vitufe vilivyokufa, na kwenye televisheni kijitu kidogo kikaruka mashimo, kikapanda ngazi, kikafa kwa heshima. Nyuma ya ukuta Larissa alikimbizana na vidole vya watu kumi na wawili, wengine wao wakiwa wameshalewa. Hakimu alipobonyeza kushoto na kijitu kikaenda kulia, Christophe-Aimé alisema kwamba ni klavie inayomfundisha. Hakimu aliridhika.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Christophe-Aimé alikuwa katika hali yake bora. Bia ya tatu ilimfungua ulimi, akawaeleza mashahidi habari za viwanda ambavyo hajawahi kuviona, akawachekesha, akapigwa mabega. Mtu akipendwa na watu kumi na wawili kwa pamoja husahau kwamba kuna wa kumi na tatu kwenye kreti, hajala tangu alfajiri.

Ndipo kijitu cha kwenye televisheni kikasimama. Mchezo ukafungwa, ukatokea ukurasa mtupu wa kuandikia, na herufi kubwa zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, hali hakuna aliyegusa chochote.

NIKO NA NJALA.

Watu wote wakageukia televisheni. Hakimu alishusha chupa. Christophe-Aimé akafungua kinywa bila kujua kitakachotoka, na kabla hakijatoka, Mbarushimana akasimama.

"Hii klavie," mzee alisema polepole, "iko na akili ya ndani. Ile banasemaka ku redio. Akili ya mashini."

Nawaambia ukweli, Christophe-Aimé hakulitafuta hilo. Lililetwa kwake kama zawadi, na katika maisha yake hakuwahi kukataa zawadi.

"Papa, sikutaka kukuambia," alisema akiinamisha macho. "Juu iko bei ingine. Iko na akili kuzidi bantu. Inajua ginsi inasikia, inasema ukweli, haidanganyake hata siku moja."

"Basi iko na njala," Mbarushimana alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu mkarimu, aliamuru brosheti mbili na ndizi za kuchoma, sahani ikawekwa mezani mbele ya kibodi. Watu waliiangalia kwa adabu wakisubiri. Christophe-Aimé aliendelea kueleza sifa za akili hiyo, mkono mmoja ukionyesha televisheni, na ule mwingine, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa na njaa, ukachukua brosheti ya kwanza. Kisha ya pili. Tunduni kulikuwa na jicho, na jicho lile liliona kila tonge.

Bei ilipanda bila Christophe-Aimé kuisukuma. Mzee hakutaka tena kusikia habari za maganda sita. Aliitaka hiyo moja yenye akili, laki tisa, na nyingine tano ziongezwe bure kama wadogo zake. Mashahidi walipiga makofi. Christophe-Aimé aliona mbele yake mahari, suti, na pengine duka lenye kioo, na kichwani mwake, kwa mara ya kwanza siku ile, hesabu ilianza kugawanyika kwa moja badala ya kwa mbili. Laki tatu ni za wawili, tulikubaliana. Lakini laki sita za juu, je, nazo tulikubaliana? Hivyo ndivyo alivyojiuliza, na ninasikitika kuripoti kwamba alijijibu haraka.

Mkataba uliandikwa na mmoja wa mashahidi, Maman Thacienne, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiwaandikia majirani zake mikataba ya viwanja na ng'ombe kwa miaka ishirini. Alitoa daftari kwenye kitenge, akajaribu kalamu ya bic kwenye ngozi ya mkono, akaomba kitambulisho cha muuzaji, akakiweka chini ya kiwiko.

"Muuzaji," alisema akiandika, "anasimamia kwamba klavie itajibu kila muntu atakayeiuliza, garanti myaka mbili. Ikinyamaza, muuzaji atabaki hapa mpaka ijibu. Hii karata yake itakaa kwangu mpaka garanti iishe. Ni sawa?"

"Ni sawa sana, Maman." Angekubali hata miaka ishirini. Kesho angedai kitambulisho kimepotea.

"Na muko babuuzaji bangapi? Uko peke yako, ao uko na muenzako? Niandike majina yote, ili kesho muntu asikuje kulia hapa."

Lilikuwa swali la kawaida, analomuuliza kila mtu. Christophe-Aimé alikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwenye tundu. Alilijua hilo. Alifikiri pia kwamba ni jibu la karatasi tu, na kwamba nyumbani angeeleza.

"Niko peke yangu," alisema. "Sina muntu."

Alitia sahihi. Mashahidi wakatia sahihi zao. Duru ya mwisho ya bia ikanywewa wakiwa wamesimama, na kwa desturi ya pale, neno lililokwisha kunywewa halirudi. Mbarushimana akatoa simu, akauliza namba ya kumtumia pesa. Christophe-Aimé akakohoa kidogo ili aitaje vizuri.

Herufi zikaanza kujipanga.

MUSIMULIPE YEYE. MUNILIPE MIE. Kisha namba ya simu, tarakimu zote kumi, bila kukosea hata moja.

"Papa," Christophe-Aimé alisema akijaribu kucheka, "mashini hailipwake."

UKIMULIPA YEYE, NITANYAMAZA.

Mbarushimana alishtuka na kuishikilia simu kifuani. Alikwisha kunyamaziwa na kibodi kumi na moja, na wazo la kunyamaziwa na ya kumi na mbili lilimuumiza kweli.

"Maman Thacienne," Christophe-Aimé aliomba, "umwambie. Hii ni kosa ya kifundi."

"Kosa gani?" Thacienne alimtazama juu ya miwani. "Ulisema mbele yetu siye bote kwamba iko na akili kuzidi bantu na haidanganyake. Sasa inasema, na weye unaibishia. Kama inadanganya, useme, nipasule hii kontra, bashahidi barudishiwe saa zabo, tuite polisi batuelezee."

Majembe kumi na mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Christophe-Aimé aliyahesabu.

"Haidanganyi," alisema.

Mzee akaingiza namba. Simu ikamwonyesha jina la mpokeaji, naye akalisoma kwa sauti, kama wanavyosoma wote waliowahi kutuma pesa kwa mtu asiye sahihi. "Uwimbabazi L. Ni nani huyu Uwimbabazi?"

NI JINA YANGU, televisheni ilijibu.

"Ah, kumbe ni mwana wa hapa kwetu," Mbarushimana alisema, na uso wake ukalainika kabisa. Akabonyeza. Laki tisa zikaenda.

Televisheni ikaandika mara moja tu zaidi: AKSANTI PAPA. Halafu ukurasa ukatulia, na kwa mbali, nyuma, mlango wa stoo ukafungwa taratibu na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuubamiza.

Christophe-Aimé alitaka kukimbia. Lakini angekimbiaje, akimfukuza nani, mbele ya watu aliowaapia kwamba hana mtu? Alikaa akatabasamu kwa dakika tano nzima. Ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuishi, na nyuma ya lile tabasamu moyo wake ulikuwa ukilia wazi kama mtoto. Pesa zilimuuma, sitaki kumsingizia utakatifu. Lakini alipopata kisingizio cha kwenda haja, akafika stoo na kukuta kreti tupu lenye joto la mtu, kibodi ya kweli nayo haipo, alilolitamka lilikuwa jina la Larissa, wala hakutaja kiasi. Alipompigia simu haikupokelewa. Siku hiyo haikupokelewa, na mpaka leo haipokelewi.

Chumbani Hakimu alikuwa ameiuliza kibodi habari za timu itakayoshinda kesho. Hakujibiwa kitu.

"Imenyamaza," Thacienne alisema Christophe-Aimé aliporudi, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye mstari wa mkataba.

"Imeshiba, Maman, inapumzika. Kesho itasema."

"Basi utalala hapa mpaka iseme."

Wapo watakaosema angetoroka. Angetorokea wapi? Kitambulisho kilikuwa kimefungwa kwenye kitenge cha Thacienne, na bila hicho Rusizi ya Kwanza haipitiki, hata kwa maneno yake. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa Nyakabuye ameshika kofia mbele ya baba mkwe, Christophe-Aimé aliazima kibodi ya waya, akanunua waya mrefu wa kuirefusha, akaupitisha chini ya ukuta wa mbao, akakaa kwenye kreti na kuweka jicho tunduni. Mbarushimana aliambiwa kwamba fundi wa garanti lazima akae stoo kulisha mtandao. Thacienne alipita, akainama, akauangalia ule waya unavyochungulia chini ya ubao. Alimshauri aupake rangi ya ukuta, akaenda zake kanisani.

Siku hizi hakuna anayekuja kucheza. Kijitu kidogo hakirukiruki tena mashimo. Watu wanatoka mpaka Bugarama kuja kuiuliza kibodi habari za mvua, za kesi, za mbuzi aliyepotea, na wanalipa elfu yao mlangoni kwa Mbarushimana, ambaye amenenepa zaidi. Christophe-Aimé anawajibu kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa hana tena cha kuuza, na uongo bila biashara ni kazi ya bure, ameanza kuwaambia anachokiona kweli. Sifa za kibodi zimevuka ziwa.

Jumanne iliyopita aliingia Patricie, muuguzi, akiwa bado na sare yake. Alikaa kwenye kochi, akalichukua lile ganda mapajani kwa woga, akaandika kwenye vitufe vilivyokufa huku akisoma kwa sauti ndogo, kama wanavyofanya wote, na stoo ikamsikia.

"Iko muntu ananiambia atakuja ku wazazi na mahari. Myaka mbili sasa. Kila mara ananiambia ni kazi moja tu inabakia, kisha atakuja. Ananipenda, najua. Nimungoje?"

Christophe-Aimé aliondoa jicho tunduni. Akavitazama vidole vyake. Aliyajua majibu yote mazuri ya swali lile, maana alikwisha kuyatumia yote.

Akaandika: ANAKUPENDA. USIMUNGOJE.

Patricie alisoma mara mbili. Akafuta macho kwa kiganja, akarudisha ganda mezani, akamlipa mzee elfu yake, akatoka akitembea haraka kuelekea kituo cha magari.